Nani Amemwambia Kocha?

Jumatatu, 5 Januari

Daktari wa kliniki ameniambia niandike kila siku mkono wa kushoto umefika wapi. Nisimame ubavu na ukuta, nipandishe vidole kama buibui, niweke alama ya penseli. Leo vidole vimefika usawa wa paji la uso. Hakuniambia niandike mengine, lakini daftari lina kurasa mia mbili na habari za mkono ni mstari mmoja.

Basi niandike. Mimi ni Mwantum, miaka arobaini na moja, mtunza kumbukumbu wa masijala. Titi la kushoto niliondolewa miaka miwili iliyopita. Nje ya hospitali wanaojua ni wawili: mume wangu Hashimu, ambaye yuko Kondoa kwa biashara ya alizeti na huja mwisho wa juma, na Edina, ninayekaa naye meza moja kazini. Mama yangu anajua nilipasuliwa jipu la kwapani. Ofisini wanajua nilikwenda kozi Morogoro. Uongo huo wa kozi aliutunga Edina, akausimamia mpaka nikarudi.

Sasa daktari anasema misuli ya kifua inataka kazi, nianze taratibu. Edina akasema kuna jimu ya wanawake hukuhuku mtaani kwetu Miyuji, kocha ni binamu wa Yotham, mumewe. Keshokutwa tunakwenda.

Jumatano, 7 Januari

Jimu ni ghala la zamani la alizeti. Juu ni bati tupu. Mlangoni kuna fomu: jina, namba ya simu, unataka nini, una tatizo lolote la kiafya? Nikaandika: Sina.

Kocha anaitwa Anjelina. Mfupi, shingo nene, maneno machache. Wapya tulikuwa wawili, mimi na dada Anna, mpishi wa bweni moja la wasichana, mama wa miaka hamsini hivi. Kocha akatuambia tuinue mikono, tuishushe, tuikunjue nyuma. Akatuzunguka mara mbili. Halafu dada Anna akaambiwa alale kwenye benchi, asukume chuma kitupu. Mimi nikaambiwa nikasimame ukutani, nisukume ukuta.

"Na mimi si nilale benchi?"

"Wewe ukuta kwanza, dada."

Kwa nini mimi? Dada Anna ananizidi karibu miaka kumi, na magoti yanamlia kama bawaba.

Jumamosi, 10 Januari

Ukuta tena.

Jumatatu, 12 Januari

Ukuta. Mvua kubwa, korongo limejaa, tulivuka viatu mkononi. Mkono umefika usawa wa nywele.

Jumatano, 14 Januari

Leo nimehama ukuta, nimepewa meza. Nashika ukingo wa meza, nashuka, napanda. Wenzangu wako kwenye mabenchi. Yuko binti mmoja wa chuo, Evodia, analala benchi bapa na kusukuma kilo thelathini huku anaongea habari za mitihani. Edina naye yumo, anasukuma kwenye benchi la mteremko, lililoinuliwa mgongo. Mimi na meza kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka.

Nilimuuliza kocha kwa upole. Akasema, "Kila mtu na pembe yake." Kisha akaangalia upande wangu wa kushoto. Sekunde moja tu, lakini masijala imenifundisha jicho la mtu linapokwenda: anayetafuta faili lake mwenyewe haangalii rafu nzima, anaangalia palepale lilipo.

Jumamosi, 17 Januari

Niandike kuhusu mto. Ndani ya sidiria yangu kuna mto mdogo nilioushona mwenyewe, nikaujaza ulezi ili uwe na uzito. Ukitulia sana unazisikia punje zikitembea. Nikisimama hauna neno. Nikilala chali unateleza kwenda kwapani, na hapo kifua kinabaki bapa upande mmoja, hata kipofu ataona.

Kwa hiyo nikinyimwa benchi nanung'unika, na nikipewa sijui nitafanya nini. Hilo najua si akili. Lakini swali langu liko palepale: yeye kocha amejuaje asinilaze?

Jumatatu, 19 Januari

Leo nimelazwa, ila sakafuni. Mkeka, magoti juu, dambeli za kilo mbili mbili, viganja vikitazamana. Kiwiko kikigusa sakafu natulia kidogo, nasukuma. Mto ulianza kuteleza, nikaubana kwa kukaza mkono ubavuni. Kocha alipoona hivyo akachukua kitenge chake, akakikunja, akaniwekea mgongoni ili kifua kiinuke kidogo. Mto ukatulia.

Hakuuliza kitu. Mtu asiyejua angeuliza.

Jumatano, 21 Januari

Nimefika mapema. Edina na kocha walikuwa nyuma ya rafu ya vyuma, wanaongea Kigogo kwa sauti ya chini. Nimekaa Dodoma miaka kumi na tano, Kigogo changu hakijavuka salamu ya "mbukwenyi," lakini mtu akisimama nyuma ya rafu huhitaji mkalimani. Waliponiona wakanyamaza. Edina akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Karibu, Mwantum. Umewahi leo."

"Nimewahi. Mlikuwa mnasemaje?"

"Mambo ya ukoo tu."

Ukoo. Kocha ni wa ukoo, mimi si wa ukoo, na mimi ndiye ninayesukumia sakafuni.

Ijumaa, 23 Januari

Hashimu amekuja leo badala ya kesho, na gunia la karanga. Nimemweleza yote: ukuta, meza, mkeka, kitenge, Kigogo. Akala, akanawa, akasema, "Mwantum, mtu akianza kuhesabu vivuli hupata kijiji kizima."

Nikamuuliza kama yeye amewahi kumwambia mtu. "Mama yangu amekufa hajui," akasema. Nikaona haya, lakini swali nimeliuliza.

Jumatatu, 26 Januari

Mkeka. Kilo tatu. Mkono umefika kidole kimoja juu ya kichwa.

Jumatano, 28 Januari

Nimepata benchi! Lakini kocha amechomoa pini na kuinua mgongo wa benchi tundu moja. Evodia anapiga bapa. Dada Anna anapiga bapa. Edina wakati mwingine hupiga tundu la tatu kwa ajili ya mabega. Mimi tu ndiye wa tundu la kwanza, na dambeli, wala chuma sikisogelei.

"Kocha, na mimi nataka bapa."

"Bado."

"Bado nini?"

"Mteremko huu mdogo unakufaa. Bapa itakuvuta mbele hapa." Akagusa, kwa kidole, juu kidogo ya kwapa langu la kushoto.

Nikaruka kama nimeguswa na pasi. Kidole kilikuwa inchi tatu kutoka kwenye kovu. Wanawake wote waligeuka. Edina akajifanya anafunga kamba za viatu.

Alhamisi, 29 Januari

Ofisini sikumsemesha Edina. Aliniletea chai ya tangawizi kama kawaida, nikaiacha ikapoa ikafanya utando. Saa nane akauliza, "Nimekukosea?" Nikasema nina kazi. Nilikuwa napanga majalada ambayo yalikuwa yamepangwa.

Nimeandika majina matatu kwenye karatasi: Hashimu, daktari, Edina. Hashimu nimemfuta. Daktari yuko mjini, hamjui kocha. Limebaki moja.

Jumamosi, 31 Januari

Sikwenda. Nimesema tumbo.

Jumatano, 4 Februari

Tundu la kwanza. Kilo nne. Nasukuma vizuri, hilo siwezi kukana: mkono wa kushoto ambao mwaka jana ulishindwa kuanika shuka sasa unapanda sambamba na wa kulia. Na hilo ndilo linaniuma zaidi. Anayekupa dawa nzuri amejuaje ugonjwa wako?

Kocha ameniuliza, "Dada, huwa unalala ubavu gani?" Nikamjibu, "Nalala na mume wangu." Evodia akacheka mpaka akaweka chuma chini. Kocha hakucheka.

Jumatatu, 9 Februari

Edina ana uso wa mtu asiyelala. Macho yamevimba. Nikajisemea: dhamira inamsuta.

Jumatano, 11 Februari

Leo niliingia kabla ya mtu yeyote. Nikachomoa pini mwenyewe, nikalaza benchi bapa, nikapandisha chuma kitupu. Nikasukuma mara nne. Ya tano, bega la kushoto likanipiga kama umeme, chuma kikalala juu ya kifua, nikashindwa kukiinua. Nilikaa hivyo sijui dakika ngapi, mto wa ulezi umekimbilia kwapani, nikiwaza kwamba sasa mtu ataingia na kuona vyote viwili.

Aliingia Edina. Hakupiga kelele. Alishika chuma katikati, akakivuta, akakirudisha kwenye ndoano. Kisha akageuka ukutani, akaniachia nafasi nijiweke sawa, akasimama hivyo mpaka nikakohoa.

"Asante," nikasema.

"Usirudie kupiga peke yako," akasema, bado ameangalia ukuta.

Mtu mwema. Lakini mtu mwema pia ana mdomo.

Jumamosi, 14 Februari

Sijui nianzie wapi. Niandike kama ilivyotokea.

Mvua ilianza tukiwa tumeshaanza. Mvua ya mawe. Chini ya lile bati ukitaka kumwomba mtu taulo unapiga kelele kama uko shambani. Tulikuwa kama kumi. Kocha alikuja kwangu, akachomoa pini, akainua tundu la kwanza kama kawaida, akanipa dambeli zilezile. Edina alikuwa benchi la jirani. Nikaona kocha amemwangalia Edina, Edina akatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayesema "hapana, bado."

Hapo nikasimama. Nikamwambia Edina, kwa sauti kubwa, maana kwa mvua ile hatukusikilizana:

"Umemwambia!"

"Nini?"

"Umemwambia kocha! Tangu siku ya kwanza ananiweka ukutani, mezani, mkekani, pembe ya peke yangu. Mnasimama nyuma ya rafu mnaongea Kigogo. Nilikuamini!"

"Mwantum, sikusikii. Nimemwambia nini?"

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Umemwambia kwamba sina titi la kushoto!"

Mvua ilikuwa imekatika. Sijui ilikatika kwenye neno lipi. Wenyeji wa Dodoma yetu wanajua mvua zake, hazipungui, zinaondoka. Ninachojua ni kwamba maneno matatu ya mwisho yalitoka ghala zima limetulia, hata tone lililodondoka kwenye ndoo nililisikia. Evodia alikuwa na chuma juu, mikono imenyooka, akabaki hivyo.

Kocha Anjelina ndiye aliyesema kwanza. Alisema polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Titi? Mimi nilidhani bega."

Akajigusa bega lake mwenyewe la kushoto.

"Siku ya kwanza nilipowaambia inueni mikono, wa kulia ulipanda wenyewe, wa kushoto uliinua bega kwanza ndipo mkono ukafuata. Na ulikuwa unaulinda. Nikasema huyu aliwahi kuvunjika, au aliteguka, hataki kusema. Bega la hivyo ukilipa benchi bapa na chuma kinachofunga mikono, unalirarua. Ndiyo nikakupa ukuta. Ndiyo nikakupa sakafu, ili kiwiko kisishuke kupita kiasi. Ndiyo nikakupa mteremko mdogo na dambeli, mkono ujichagulie njia." Akamwangalia Edina. "Edina hajaniambia kitu. Nilimuuliza mwenyewe kama una tatizo la bega, akasema nikuulize wewe."

Nikamgeukia Edina. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake, mikono magotini.

"Unataka kujua tulikuwa tunaongea nini nyuma ya rafu?" akasema. Hakupandisha sauti. "Zile siku tisa nilizolala na wewe hospitali, nilimwambia Yotham nimekwenda semina. Baadaye akakutana na mtu wa ofisini, akaambiwa hapakuwa na semina, nilikuwa likizo. Tangu hapo anasema nina mwanaume. Mwaka wa pili sasa. Anahesabu siku. Mwezi uliopita alianza kusema nirudi kwetu Buigiri. Ndiyo nilikuwa namwomba Anjelina akazungumze naye, kwa sababu ni ndugu yake, na sikumwambia hata yeye nilikuwa wapi. Na leo aliponiangalia alikuwa ananiuliza kama Yotham amepoa. Nikatikisa kichwa."

Akasimama, akachukua mkoba. Mlangoni akageuka.

"Miaka miwili, Mwantum. Ungeniuliza tu."

Nilitembea nyumbani kwenye matope. Sikuvua viatu kwenye korongo.

Jumapili, 15 Februari

Leo mkono sijaupima.

Jumatatu, 16 Februari

Edina ameomba kuhamia chumba cha majalada ya zamani. Mkuu amekubali. Meza ina nafasi ambayo sijui niweke nini.

Jimu sikwenda. Nani ataweza?

Ijumaa, 20 Februari

Ramadhani imeanza, tunafunga. Hashimu yupo. Nimemweleza. Nilitaka anigombeze, hakunigombeza. Alisema, "Umewakosea watu wawili. Edina, na yule Yotham ambaye amekuwa mtu mbaya kwa jambo asilolijua." La Yotham sikuwa nimeliwaza hata mara moja.

Jumapili, 22 Februari

Nimekwenda kwa Yotham. Nilichagua saa ambayo Edina yuko kanisani na Yotham hubaki na ng'ombe wake wawili. Hashimu alinisindikiza, akabaki nje ya ua.

Yotham ni mtu mrefu, mkavu, hakunikaribisha kiti. Nilimsalimia, nikasimama, nikasema: "Shemeji, zile siku tisa Edina alikuwa na mimi. Nilikatwa titi kwa saratani. Nilimwapisha asimwambie mtu, na yeye akakishika kiapo hata kwako. Daktari wangu yupo, karatasi hizi hapa zina tarehe."

Alizichukua. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alisoma tarehe mara mbili, vidole vinahesabu. Kisha akakaa kwenye mawe ya zizi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu mimi nilimwambia asiseme."

"Mimi nilimtukana," akasema. "Nilimtukana mbele ya mama yangu."

Nikazikunja karatasi zangu. Nilirudi kwa Hashimu.

Jumatano, 25 Februari

Edina alinipita kwenye korido. Akasema, "Umekwenda kwangu bila kunipa habari."

"Ndiyo."

"Siku nyingine niulize kwanza."

Akapita. Sijui ni shukrani au ni hasira. Nimeacha kubashiri.

Jumamosi, 28 Februari

Nimerudi jimu. Saa kumi jioni, tumbo tupu, nikasema nitafanya kidogo tu. Nilitegemea minong'ono. Evodia alinipokea begi. Kocha akaleta ile fomu ya siku ya kwanza na kalamu, akaiweka mbele yangu. Nikafuta "Sina," nikaandika ukweli. Akausoma, akauliza nilikatwa misuli au ngozi na titi tu, daktari aliruhusu uzito gani, mkono unavimba jioni au hauvimbi. Maswali kumi na moja. Kisha akasema pembe haibadiliki kwa sasa, tundu la kwanza lilikuwa sahihi hata kwa hili, ila uzito utapanda polepole zaidi, na nikiona mkono umevimba nisimfiche.

Ule mto wa ulezi niliuacha nyumbani. Nilivaa fulana pana. Hakuna aliyeangalia, au wote waliangalia, sikuhesabu.

Nilipokuwa nafunga viatu dada Anna akaja kukaa karibu yangu. Akawa anakunja taulo.

"Dada Mwantum, ulianzaje kujua?"

"Uvimbe. Kama punje ya njegere, mgumu, hauumi."

Akakunjua taulo, akalikunja tena. "Wangu ni kama korosho," akasema. "Tangu mwezi wa kumi."

Nilimwambia Jumatatu asubuhi twende. Akasema ana chakula cha wasichana mia mbili. Nikamwambia wasichana mia mbili watakula maharage ya mtu mwingine. Akaanza kulia, bila sauti.

Jumapili, 1 Machi

Usiku mzima nimewaza: sijui kusindikiza. Mimi nilisindikizwa tu. Sijui dirisha lipi unaanzia, nani alinishikia faili, nani aliuliza maswali nilipokuwa nimeziba masikio. Yote yale alifanya Edina.

Nimempigia. Alipokea mlio wa nane. Nikamwambia ni dada Anna, nikamwambia uvimbe, nikamwambia sijui pa kuanzia. Nikasema, "Sikuombi kwa ajili yangu."

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi."

Akakata.

Jumatatu, 2 Machi

Saa moja kasoro tulikuwa kwenye geti la hospitali, mimi na dada Anna. Saa moja na robo hakuna mtu. Dada Anna akaanza kusema labda turudi, labda ni maziwa yaliyoganda, labda ni hewa. Saa moja na dakika ishirini pikipiki ikasimama. Anayeendesha alikuwa Yotham. Edina akashuka, akavua kofia, akamwambia jambo kwa Kigogo, na Yotham akanisalimia kwa kichwa.

Edina hakunisalimia. Alimshika dada Anna mkono, akamwuliza jina lake kamili, kama amekula, kama ana kadi ya bima. Akatupeleka dirisha la tatu, si la kwanza, kumbe ndivyo. Kule ndani walimpima kwa picha, kisha wakamchoma sindano wakachukua kipande kidogo cha nyama cha kupima. Majibu ni Jumatatu ijayo. Nilishika faili. Edina aliuliza maswali. Dada Anna alikuwa ameziba masikio.

Baadaye dada Anna akaingia chooni, tukabaki wawili kwenye viti vya plastiki, kiti kimoja kitupu katikati.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Itachukua muda."

"Nitasubiri."

Akatazama mlango wa choo, halafu orodha ya majina ukutani, halafu miguu yake. Wagonjwa walikuwa wanaongezeka, mama mmoja na mtoto mgongoni akatafuta pa kukaa. Edina akamwachia kiti chake, akahamia kile cha katikati.